Ukurasa wa Kufungia Kanga

Mimi ndiye mtunza kompyuta wa duka moja la kanga pale Biashara Street, na sioni haya kusema kwamba kazi naijua. Ndiyo maana shangazi anayetuchorea kanga aliponiuliza kama mchoro wake ungekuwa salama ndani ya mashine, nilimjibu bila kufikiri, "Hakuna atakayeugusa."

Ulikuwa mchoro wake wa kwanza kuumalizia kwenye kompyuta. Miaka yote alikuwa mtu wa karatasi, lakini mkono ulishaanza kumtetemeka, na kompyuta ilimnyooshea mistari. Kanga yenyewe ilikuwa ya harusi ya mjukuu wake, pindo la korosho na mji, ile sehemu ya katikati, uliojaa vikuba vya asumini. Nikaifunga faili kwa chmod, amri inayoamua nani asome na nani aandike. Maelezo yake yalisema ukiondoa ruhusa ya kuandika, faili haiandikiki. Nikaiondoa, nikaenda zangu Makadara kunywa chai.

Duka letu lina ada yake. Mwisho wa Shaabani, kabla ya mfungo, kila kitu husafishwa, rafu, stoo, hata droo za vifungo. Mwaka ule muuzaji wetu mkuu, mtu mzima mwenye bidii zake, akaona kompyuta nayo isiingie Ramadhani na taka. Akafungua folda ya pamoja, akafuta kila alichodhani ni cha zamani, na mchoro wa shangazi ukaenda nao. Nakala ya akiba sikuwa nayo. Faili si nimeifunga, nakala ya nini?

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini. Kumbe kufuta faili hakutaki ruhusa ya faili, kunataka ruhusa ya folda ambamo faili imo, na folda nilikuwa nimeiacha wazi kwa wote. Nikayasoma maelezo upya. Hayakuwa na uongo, ila jambo hilo lilikaa mbali huko chini, kwa lugha ya mtu anayemweleza anayejua tayari. Nami nikamweleza shangazi kwa lugha ile ile. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani mwanangu, kasha umelifunga, mlango wa chumba umeuata wazi," alisema. "Mwizi ataka ufunguo wa nini? Atalibeba kasha zima. Mimi narudi kwa karatasi yangu."

Kwa mkono ule, karatasi isingemfikisha harusini. Hilo tulilijua sote wawili, na liliniuma.

Nikaketi kuandika ukurasa wetu wenyewe wa maelezo. Sentensi ya kwanza niliichukua kwake: kabla hujafunga kasha, tazama mlango. Kisha nikaonyesha amri ya folda kwanza, ya faili baadaye, na chini ya kila moja nikaeleza nani ataweza nini na nani hataweza. Niliuchapisha nikampelekea nyumbani kwake Mji wa Kale baada ya alasiri. Alivaa miwani, akapiga mstari wa penseli kila asipofahamu. Mara ya kwanza karatasi nzima ilikuwa mistari. Ya pili ikabaki minne. Ya tatu aliisoma mara mbili, penseli ikalala pale pale mezani.

Baada ya Idi alikuja dukani na mchoro mpya, ameuchora nusu. Alikaa mbele ya kompyuta, ukurasa pajani, akatengeneza folda yake na kuifunga mwenyewe. Muuzaji akaambiwa ajaribu kufuta. Mashine ikamkatalia. Nikajaribu mimi kwa jina langu la kawaida la kuingilia, nikitaka kuchukua nakala ya akiba, ikanikatalia pia.

"Na weye pia," alisema bila kugeuka.

Mtunza mashine ana njia ya kuingia kila folda, na njia hiyo ninayo. Sikuitumia. Nilisimama nyuma ya kiti chake, nikasema hodi, nikangoja.