Roki na Fanfari Katika Ukumbi wa Keshero

Kazi yangu ni kupiga video za harusi. Studio yangu iko mtaa wa Ndosho, chumba kimoja kati ya fundi wa milango ya chuma na mama anayeuza mkaa. Ndiko alikokuja siku moja mwalimu wa hesabu, mtu wa Butembo, mpole, na filamu kwenye simu yake.

Aliniomba niitazame kwenye kompyuta. Ilikuwa bendi ya wazee wa Ulaya wakipiga roki ya nyimbo ndefu mno, zile zinazobadilisha mapigo njiani kabla hujazizoea. Nyuma yao walikaa watu wengi wenye vinanda vya nyuzi na tarumbeta, na mbele yao mwongozaji mwenye fimbo. Mwalimu alisema hiyo ndiyo orkestra. Kwetu ukisema orkestra, mtu anafikiria rumba na wacheza dansi, basi ikabidi anieleze. Yeye mwenyewe alikuwa na bendi ya watu wanne ya muziki huo, yenye gitaa lake, besi, kinanda cha umeme na ngoma, na alitaka filamu kama ile.

Vinanda vya nyuzi hakuvipata. Alichopata ni fanfari ya kanisa moja la Munigi: tarumbeta, tromboni, filimbi na ngoma kubwa. Kiongozi wao alikuwa muzee aliyeendesha malori miaka mingi kabla ya kustaafu.

Nilihudhuria mazoezi ili nijue pa kuweka kamera. Wimbo mkuu wa mwalimu ulihesabiwa mapigo saba saba, na fanfari imezoea kutembea kwa mbili. Muzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema wimbo ule unachechemea. Mwalimu hakukasirika. Aliwaandikia sauti ndefu za kushikilia tu, zipite juu ya gitaa bila kuhesabu sana, na mambo yakaenda.

Siku ya onyesho ilikuwa Jumapili mchana, katika ukumbi wa shule moja Keshero. Watu walijaa kiasi: ndugu, wanafunzi, waumini wa Munigi waliokuja kuona fanfari yao. Nyimbo za mwanzo zilipita salama. Katikati ya ule mkuu, mwalimu akiwa anapiga gitaa peke yake juu ya sauti ndefu za fanfari, umeme ukakatika.

Gitaa likanyamaza, na kinanda pia. Mpiga ngoma wa bendi aliendelea kidogo, akaona aibu, akaacha. Fanfari walibaki wameshikilia sauti ile ile, macho yote kwa muzee. Hakugeuka kumtazama mwalimu. Alishusha mkono, akahesabu mbili, na sauti ile ikageuka kuwa wimbo wao wa kutembea. Watu wakaanza kupiga makofi. Kamera zangu zilikuwa na betri, kinasa sauti vilevile, na mwanga wa madirishani ulitosha. Sikufanya uamuzi wowote. Niliendelea tu kupiga picha. Umeme uliporudi, spika zilinguruma, muzee akawanyamazisha watu wake mara moja, na mwalimu akaanza tena sehemu yake kutoka mwanzo.

Nilipounganisha filamu niliiacha ndani sehemu ile yote. Nilidhani ndiyo kitu kizuri kuliko vyote nilivyopata. Mwalimu alikuja, akaitazama mara mbili, akaniambia niitoe. Nilimwambia watu watakaoona watapenda.

“Najua watapenda,” alisema. “Lakini huu wimbo nimeutengeneza miaka. Tukiacha hii ndani, hakuna mutu atasikia wimbo. Watasikia tu kwamba umeme ulikatika.”

Ilikuwa filamu yake. Nikakata, nikaunganisha kwenye mlio mmoja wa sahani za shaba za mpiga ngoma, na ukitazama huoni mshono.

Tuliionyesha kwenye ukuta wa ukumbi ule ule. Wanafanfari walikuja wamevaa sare zao. Walijitafuta ukutani, wakachekana, wakatulia. Ilipokwisha, muzee alikwenda alipokuwa mwalimu, nami nilikuwa karibu nikikunja waya.

“Mbona ile fasi tulipiga sisi peke yetu haiko?”

Mwalimu hakutafuta kisingizio. Alisema, “Ile haikuwa wimbo wangu, Muzee.”

“Ni kweli,” muzee alisema. “Wimbo ni wako. Lakini ile fasi ni yetu. Mutupatie.”

Mwalimu alinigeukia, akaniambia nimpe. Nilitegemea uchungu kati yao na sikuuona, au walijua kuuficha. Waliagana kwa mikono miwili.

Wiki iliyofuata muzee alipita studio, akasimama mlangoni akitazama kipande chake kwenye simu yangu. Mimi nilikuwa nimekitazama mara nyingi, kila mara nikiangalia tarumbeta. Yeye alinionyesha pembeni ya picha: mwalimu amekaa juu ya spika, gitaa mapajani, macho yamefumbwa. Muzee alisema, “Alikuwa anasikiliza.” Huenda. Huenda pia alikuwa amechoka tu. Sikumuuliza mwalimu, wala sikubishana.

Filamu imetazamwa na watu wachache. Kipande cha fanfari kimesambaa kwenye simu za Munigi, na wapo walionipata kwa kazi ya harusi kwa sababu yake. Bendi ilivunjika mpiga besi alipohamia Kampala. Mwalimu bado anafundisha. Tukikutana barabarani tunaulizana habari za watoto.