Kopo la Vichwa

Kwanza ilikuwa fimbo. Iligonga geti la bati mara tatu, taratibu, na soko zima la wanawake la Ibra likanyamaza kama jiko lililomwagiwa maji. Kila Jumatano asubuhi geti lile lilikaa nusu wazi, na hakuna mwanamke aliyewahi kulipigia hodi. Aliyegonga alikuwa mwanamume.

Wanawake wakashusha barakoa kufunika nyuso. Muuza udi, aliyeketi karibu na geti, akachungulia.

"Mzee wa milimani," akatangaza. "Anataka kofia."

Kofia ilikuwa kazi ya bibi yangu. Sindano alivuka nayo bahari kutoka Unguja akiwa msichana, na sasa mkeka wake ulikuwa katikati ya muuza udi na muuza vitambaa. Kwa kuwa wanaume hawakuingia humo, vichwa vyao viliingia kwa uzi: mke alimpima mumewe nyumbani, akafunga fundo pale ncha zilipokutana, akauleta. Bibi aliuhifadhi kila uzi katika kopo la maziwa ya unga. Hakuandika jina hata moja. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu, nimejaa vitabu, na bado sijaona maktaba iliyonishangaza kama kopo lile.

"Nenda wewe mwanachuo, kamsikilize," Bibi akaniambia.

Mzee alisimama kando ya geti, uso kauelekeza barabarani kwa heshima. Alikuwa ameteremka kutoka Dima wa Tayyin, huko milimani, tangu alfajiri. Mwanawe wa pekee alikuwa anafunga nikaha siku ile ile, baada ya alasiri, na kofia ya mzee mwenyewe ilikuwa imeliwa na mbuzi.

"Kilemba bila kofia kinateleza," akasema. "Nitawapaje mkono wakwe wa mwanangu, na mkono wangu mwingine umeshikilia kilemba?"

Nilipoyarudisha maneno hayo ndani, soko likaangua kicheko.

"Huyo mbuzi kaila pamoja na wanga wa kuikaza?" akauliza muuza vitambaa.

"Nyamazeni," Bibi akasema. "Kofia za huko milimani nazishona mimi; iliyoliwa ni yangu."

Alimpelekea uzi ajipime mwenyewe, maana kofia iliyokwisha kupigwa wanga hakuruhusu ijaribiwe. Jasho la mmoja lisingemfaa mwingine. Uzi ulimteleza mzee vidoleni. Mara ya kwanza tulipata kichwa cha mtoto, mara ya pili cha ngamia.

"Muulize mkewe ni nani," Bibi akasema. "Uzi wake utakuwamo humu."

Nikamuuliza. Mzee akatazama chini. Mkewe alikuwa amefariki wakati wa baridi, akasema. Yeye ndiye aliyekuwa akija huku. Jina hakulitaja. Watu walikuwa wakipita, na jina la mke halitamkwi barabarani, hata la marehemu.

"Mama wa watoto," akasema, basi.

Nilirudi kwa Bibi mikono mitupu, lakini hakushangaa.

"Babu yako miaka arubaini hakunitaja mbele za watu. Mpelekee kopo lote."

"Khala, mama yetu!" muuza vitambaa akapiga ukelele. "Vichwa vya waume zetu vyote vitoke nje?"

"Si vinatoka kila siku? Vimewahi kupotea?"

Mzee alichuchumaa kwenye kivuli cha ukuta, akazimwaga nyuzi mapajani: nyeupe, nyekundu, nyingine zimechomolewa kwenye shela. Rangi hakuzitazama. Alishika fundo moja moja kwa vidole viwili, akaliacha, akashika jingine. Nyuma ya geti niliwasikia wanawake wakipumua. Uzi haukumteleza tena.

Vidole vikakoma kwenye uzi wa buluu. Fundo lake lilizungushwa mara mbili, na mkia wake ukachomekwa ndani.

"Hivi ndivyo alivyokuwa akifunga mbuzi," akasema. "Hakuna aliyewahi kumfungukia. Huyu wa jana nilimfunga mimi."

Nikaurudisha ndani. Bibi aliupokea uzi, akaupitisha kwenye ukingo wa kofia tatu, na ya tatu ikakubali. Nikaitoa nje. Mzee akaivaa, akakizungusha kilemba juu yake, akakitikisa kichwa kulia na kushoto kama mtu anayekataa jambo. Kilemba hakikusogea. Akalipa bila kupatana bei, jambo lililowaudhi wauzaji wote walionisikia nikilisimulia. Lakini hakuondoka.

"Na uzi?" akauliza.

Sikuwahi kumwona Bibi akitoa uzi. Aliwahi kumkatalia hata mke wa jirani yetu, akisema kichwa cha mtu ni amana. Nilimpelekea swali kwa sauti ndogo. Uzi wa buluu ulikuwa ungali umemzunguka kidole; akauvua.

"Mpe. Fundo usilifungue."

Mzee akaunyanyua ukingo wa kofia, akauteleza uzi ndani, juu kidogo ya sikio. Akaokota fimbo yake, akaenda kwenye gari lake bila kugeuka. Muuza udi alinyanyuka, na geti ambalo kila Jumatano lilikaa nusu wazi, siku ile akalisukuma taratibu kwa mikono miwili mpaka likafungika, asije mtu akamchungulia.