Ndama Wetu wa Kununulia TV Game

Tulipokuwa wadogo pale Awendo, katikati ya miaka ya tisini, habari hazikuwa na haraka. Leo kijana anatikiswa na simu mfukoni, anatazama, anajua kila kitu, na dakika tano baadaye amekisahau. Habari zetu zilipanda basi kutoka Nairobi, zikashukia Rongo, zikadandia trekta la miwa, na zilipotufikia zilikuwa zimepita midomo kumi na kila mdomo umezitia chake. Ndiyo maana zilikuwa tamu.

Kama ulikulia huko unakumbuka ile harufu ya molasi kutoka kiwandani, nzito hata uji ulionekana umeshatiwa sukari. Unakumbuka majivu meusi ya miwa iliyochomwa yakitua juu ya nguo nyeupe kwenye kamba, na mama zetu wakiyatukana majivu kwa Kiluo safi. Unakumbuka pia Ijumaa, siku ya kubeba kinyesi cha ng'ombe kwenda nacho shuleni, tukachanganya na maji na kuisiriba sakafu ya darasa kwa mikono mitupu. Watoto wa siku hizi wakishika tope wanaulizia sabuni yenye harufu ya ndimu.

Ilikuwa kwenye kusiriba huko ndiko Jared alikotangazia habari zake. Jared alikuwa mwenzetu wa darasa la sita, mwembamba, sauti kubwa, na alikuwa na kaka Nairobi aliyefanya kazi karibu na maduka ya vifaa vya umeme. Karibu kiasi gani hatukuuliza. Kaka aliandika barua, au alisemekana kuandika, na Jared alitusomea kutoka kichwani huku kinyesi kikimfika viwikoni. Alijua mambo ya TV game, ile mashine ya michezo inayounganishwa na TV, kuliko mwalimu alivyojua hesabu.

Sasa TV game ilikuwa ndoto yangu mimi, Akoth, na kaka yangu Owuor, aliyenizidi mwaka mmoja lakini tukasoma darasa moja, jambo ambalo hakupenda litajwe. Baba yetu alikuwa karani wa mizani, anapima matrekta ya miwa yakiingia kiwandani. Nyumbani tulikuwa na TV ndogo isiyo na rangi, iliyotumia betri ya gari. Baba alituahidi kwamba tukiingia wote wawili katika kumi bora, atatununulia TV game ile ya kaseti iliyokuwa dirishani katika duka moja mjini Migori. Tuliingia. Mimi wa tatu, Owuor wa kumi, na huyo wa kumi na moja alikuwa na malaria siku ya mtihani, lakini hilo tuliliacha. Baba akaweka pesa ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa. Tungekwenda Migori Jumapili.

Ijumaa, Jared akainua uso kutoka kwenye sakafu.

"Mnaenda kununua ile ya kaseti? Aa, poleni. Hiyo imekufa. Kuna ingine inakuja, ya sidii, zile sahani za kung'aa. Kaka ameiona na macho yake. Mkinunua ile ya Migori mtakuwa mmenunua maiti."

Hatukulala vizuri. Jumapili asubuhi, baba ameshavaa koti, tukasimama mbele yake na kumwomba tusiende. Tungoje ile mpya. Baba alitutazama kama trekta lililoingia kwenye mizani bila miwa.

"Mko na homa?"

"Hapana, baba. Inakuja ingine. Hii imekufa."

"Sawa. Lakini mimi siweki pesa kwa nyumba. Ikikaa hapa itaisha na mafuta ya taa." Akavua koti, akatoka, na jioni akarudi akivuta ndama jike mwekundu, mbavu zinahesabika. Akamfunga nyuma ya jiko. "TV game yenu ndiyo hiyo. Mlishe ikue. Hiyo kitu yenu ikifika, tunauza."

Ndivyo watu wa kwetu walivyoweka akiba, na hakuna aliyeona ajabu. Ada ya shule ilikuwa na mkia, na paa la mabati lilikuwa likicheua kivulini. Sisi tukampa yule ndama jina la Sidii.

Kuanzia hapo maisha yetu yakawa na kazi mbili: kusikiliza na kulisha. Jared akisema mashine mpya itauzwa elfu nane, tunamtazama Sidii tunaona bado kidogo, tunakwenda kuokota majani ya miwa nyuma ya wakataji mpaka mikono inawasha. Akisema imepanda, elfu kumi na tano, tunaongeza mzigo. Juma moja akatangaza elfu thelathini. Siku hiyo Owuor alimpa Sidii nyoyo yake yote ya mchana, mahindi na maharagwe, akalala na njaa. Bei ikishuka tulifurahi, lakini hatukupunguza chakula, maana Jared mwenyewe alionya kwamba bei ikishuka ghafla ujue inajiandaa kuruka.

Na hizo sifa za ndani sasa! Jared alisema ile ya zamani ina biti nane, hii mpya ina thelathini na mbili. Hakuna aliyejua biti ni nini, Jared akiwemo. Tuliafikiana kwamba ni vitu vidogo vigumu vilivyopangwa ndani kwa safu. Owuor akaenda akamfungua Sidii mdomo akahesabu meno. Mzee jirani alikuwa amemwambia kwamba ng'ombe mzima ana meno thelathini na mawili, basi Owuor akaamini siku Sidii atakapoyatimiza, ndiyo siku mashine itakapofika Kenya. Alimhesabia meno kila Jumapili. Nilimcheka, halafu nikaanza kumshikia taya.

Kulikuwa na habari kwamba ukicheza gari, mashine inatoa harufu ya tairi. Kwamba ina farasi unayemsikia akipumua. Kwamba ukiicheza kwenye TV isiyo na rangi, rangi zinakuja zenyewe kwa aibu. Lakini kubwa kuliko zote ilihusu Sabato. Sisi ni Waadventista, na Ijumaa jua likizama kila kitu nyumbani kilizimwa, hata redio katikati ya taarifa ya habari. Tuliogopa baba angeikataa mashine kwa ajili hiyo. Jared akalipeleka suala hilo kwa kaka yake, na baada ya siku mbili tu jibu likaja: ile mpya ina saa ndani, Ijumaa magharibi inajizima yenyewe na haiwaki mpaka Jumamosi jioni. Nilipomweleza baba, alitikisa kichwa pole pole. "Hao watu wameendelea," akasema, na nikajua mashine ni yetu.

Mwaka ukapita, na mwingine ukaingia nusu. Sidii akawa mtamba wa kupendeza, mgongo umenyooka, ngozi inang'aa mpaka wanawake wa kisimani wakasimama kumtazama. Hapo ndipo baba mdogo wangu, mdogo wake baba, alipoamua kuoa.

Msichana alitoka upande wa Mbita. Mahari ilikuwa ng'ombe watano, na siku ya kuwapeleka ilikuwa imeshapangwa, wakwe wamealika watu, bia ya mtama imeshachachuka kwa wale wanaokunywa. Siku tatu kabla, ng'ombe mmoja akavunjika mguu. Baba akaenda nyuma ya jiko, akakaa huko kitambo. Aliporudi hakututazama usoni, nasi tukajua.

"Baba, hiyo ni TV game!" Owuor akapiga kelele.

"Nitaambia wakwe nini, Owuor? Ya tano ni TV game, iko Nairobi, inakuja na sidii?"

"Lakini uliahidi."

"Niliahidi. Na ndugu yangu lazima aoe. Nitawatafutia ingine."

Hakusema lini. Na aibu nyingine juu ya hiyo: Sidii alikataa kupanda pikapu. Alizoea mikono yetu tu. Ikabidi Owuor apande kwanza, ashike majani ya miwa mbele ya pua yake, amwite kwa jina, na kumwongoza yeye mwenyewe kwenda kwa wakwe. Mimi nilipanda kumsindikiza.

Kule Mbita wazee wa upande wa msichana waliwazunguka ng'ombe, wakawapapasa, wakawachungulia mdomoni. Wanne wakapita bila maneno. Walipofika kwa Sidii mmoja akapiga kofi na kusema, "Yaye! Hii imelishwa na mtu ako na akili." Owuor akaangua kilio. Wanawake wakapiga vigelegele, wakasema tazameni, mtoto analia kwa furaha ya kupata mama mdogo.

Mama mdogo Rosa akaja kukaa kwetu, nyumba ya pili kutoka jikoni, akiwa mcheshi na mchapakazi, na sisi tukamnunia. Hatukumsalimia. Akitutuma maji tulileta nusu ndoo. Alivumilia karibu mwezi, halafu siku moja akatuita, akaketi juu ya kinu kilicholazwa.

"Nyithindo, watoto wangu, nimewakosea nini?"

Owuor akasema, "Wewe ndiyo ulikula TV game yetu."

Ikabidi tumweleze yote: kaseti iliyokufa, ndama, bei, meno, Sabato. Alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kinu. Halafu akaacha kucheka, akakaa hapo hapo chini. "Hakuna mtu aliniambia," akasema. "Kumbe mimi nilikuja na kitu ya watoto."

Wiki mbili baadaye aliuza kuku wake wawili, wale aliokuja nao kutoka kwao, na Jumapili akatupeleka Homa Bay. Binamu yake alikuwa na chumba cha video karibu na soko, na kutoka Nairobi alikuwa ametumiwa mashine mpya. Ile yenyewe. Tulifika mlangoni, tukasukumana kuingia.

Ilikuwa kijisanduku cha kijivu chenye kifuniko juu, kama sufuria ndogo. Tuliinama kunusa. Haikuwa na harufu yoyote. Owuor akamuuliza mwenye chumba ile saa ya Ijumaa iko wapi, yule bwana akatutazama, akamtazama Rosa, akauliza kama tumekula. Tulipouliza bei akaitaja, na ilikuwa chini ya bei ya Sidii. Tungemuuza mwezi ule wa mahari tungepata mashine na chenji ya soda. Sikuwahi kumwambia baba.

Tulicheza mpira. Owuor alifungwa saba bila na msichana wa darasa la pili aliyekuwa ameketi juu ya kreti, anakula muwa kwa mkono mmoja. Mimi nilifungwa tisa. Nyuma yetu watoto wakapiga kelele, "Toeni hao wa kijijini!" na zamu yetu ikaisha.

Tulitembea mpaka ufukweni tukala samaki wa kukaanga aliotununulia Rosa. Halafu Owuor akasema, "Akoth, ile ya Jared ilikuwa mzuri kuliko hii." Nami nilikuwa nikiwaza hivyo hivyo. Rosa akatutolea miiba kwenye samaki kana kwamba bado ni watoto wachanga, akauliza bila kutuangalia, "Sasa mmenisamehe?" Nilimkumbatia nikalia, na mpaka leo ninaona aibu kwamba alilazimika kuuliza. Hatukumpelekea tena nusu ndoo.

Jumatatu, Jared alitungoja langoni. Kumbe habari zilikuwa zimeshafika kwamba tumeiona.

"Enhe? Iko aje?"

Nilimtazama Owuor. Nilitegemea amrarue. Mwaka na nusu wa majani ya miwa, nyoyo, na meno! Owuor akaweka mfuko wake chini.

"Harufu ya tairi ilitufanya tukohoe," akasema. "Na farasi alinipumulia hapa, kwa shingo. Ijumaa walisema inajizima hata kama unashinda."

Macho yakamtoka Jared. Akasogea karibu na kunong'ona, "Kweli? Yaani iko hivyo kweli?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna kaka aliyeandika barua yoyote. Owuor akamwapia kwa jina la Mungu, naye hakuwa mtu wa kuapa ovyo, nasi tukaingia darasani tukiwa tumefurahi wote watatu.

Leo mwanangu ana miaka kumi na mitatu na ana mashine ambayo Jared hangeweza kuiota hata kwa homa. Anacheza masikio yamefunikwa, na watu wa nchi ambazo mimi nilizijua kwenye atlasi tu, wala hajui jina la hata mmoja. Simlaumu. Sisi ndio tuliomnunulia, tena bila kuuza hata kuku. Majuzi nilimwona anatabasamu mbele ya simu, nikamuuliza kuna nini. Akasema kuna fununu za mashine mpya inayokuja, watu wamevujisha bei na vitu vya ndani.

Nakwambia moyo wangu uliruka. Niliacha sukuma wiki motoni, nikavuta stuli, nikaketi karibu naye. "Enhe, nipe. Ni bei gani? Ina nini ndani?"

"Ngoja mum, nakutumia linki."

Simu yangu ikalia kule jikoni. Sikwenda kuichukua. Nilitaka aniambie yeye, kwa mdomo wake, na aongeze chumvi.