Boliti Aliyoisahau Jailos

Kama kuna mtu Iyunga aliyejua kutoboa bati, ni fundi Jailos. Miaka thelathini ametengeneza bodi za magari, na drili haikumtoka mkononi. Leo ana gereji, ana jina, ila hana wa kumwachia. Kosa ni lake, na analijua.

Wa kumwachia alikuwepo: Esnath, mtoto wa dada yake, ambaye Jailos mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Binti ana mkono, acha tu. Mwaka mmoja alirudi kutoka mafunzoni na boliti zenye kitako bapa, za kubandika kwa gundi juu ya bati. Hutoboi kitu. Pasipo tundu maji hayapiti, na kutu haina pa kuanzia.

Walikuwa wanatengeneza gari la zahanati ya Sista Veneranda wa Mafinga, lenye makabati ya dawa ya kufungwa ukutani. Esnath akasugua bati, akalifuta, akabandika boliti zake za kushikia makabati. "Mjomba, tusiziguse hadi keshokutwa," alisema. "Baridi hii ya Juni inachelewesha gundi kushika."

Jailos alimsikia vizuri tu. Lakini kesho yake asubuhi Sista akaja kutazama kazi, na mzee naye kwa kujionesha hajambo. Akashika boliti moja, akavuta. Ikabanduka. Ya pili, hivyo hivyo. "Sista, gundi ni ya viatu," alisema, na gereji nzima ikacheka. Akazibandua, akachukua drili.

Esnath hakubishana. Alikusanya spana zake, akasema, "Asante kwa kunifundisha, Mjomba," akaondoka. Jailos akadhani ni hasira za wiki moja. Ikapita miaka minne.

Mwezi uliopita gari likarudi. Kila tundu alilotoboa lilikuwa limezungukwa na kutu, na mvua zilikuwa zimepenya hadi kwenye maboksi ya dawa. Jailos akayafungua makabati kutoka ukutani. Nyuma ya lile la mwisho, kwenye kona, akakuta boliti moja ya gundi aliyoisahau siku ile. Akaivuta kwa mkono. Akaivuta kwa koleo. Akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote, mtu mzima wa miaka sitini na mbili, na safari hii hakuna aliyecheka. Bati lilipinda, boliti haikubanduka.

Wahenga walishasema yao kuhusu haraka, mimi sirudii. Aliliendesha gari mwenyewe hadi Mafinga, ambako Esnath ana gereji yake jirani na viwanda vya mbao. Akapokewa kwa shikamoo na chai. Esnath akakwangua kutu, akaziba matundu, akabandika boliti mpya. "Uje keshokutwa, Mjomba."

Jailos hakwenda mbali. Alipanga chumba hapo jirani, na mchana kutwa alikaa kwenye benchi la gereji, mikono ndani ya koti. Siku ya tatu akaambiwa avute. Akavuta. Zilikuwa zimeshika zote.

"Siku ile ningesubiri tu, mama," alisema. "Nilikukosea mbele za watu. Ile gereji ni yako. Rudi nyumbani."

Esnath alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa.

"Ningerudi, Mjomba, kama ungenifuata mwaka ule," alisema taratibu. "Nilikungoja hadi Krismasi."

Kisha akampa funguo za gari.