Mtoto Aliyejibiwa na Ukumbi Mzima

Mimi ni msusi, Kenyatta Market. Kichwa kimoja tunakizunguka watatu: mikono inasuka, midomo inasengenya. Binti yangu mchanga alikuwa akikaa miguuni petu, ndani ya katoni ya nywele bandia. Akisema "ba-ba", mmoja wetu anamjibu bila kuinua macho: "Wee! Usituambie!"

Halafu tukasikia kaunti inatunga sheria: watoto wachanga marufuku saluni. Ala! Sasa nimpeleke wapi? Nilikuwa nimeshajaribu kwa mama mmoja wa mtaa wa Satellite anayelea watoto nyumbani kwake. Mama mzuri, haki ya Mungu, na nyumba inang'aa. Lakini watoto walikuwa wengi, yeye peke yake, wameketi kimya kando ya ukuta, na wazazi tukimsifu kwa ukimya huo huo. Mwezi haukuisha, "ba-ba" ikapotea. Nikamrudisha katonini, tukamwongelesha, wapi! Alitutazama tu. Nililia mpaka mteja akanishika mkono.

Siku ya wananchi kutoa maoni nilimfunga mgongoni kwa leso, nikaenda mjini nimefura kama andazi. Mbele aliketi daktari wa watoto, ameitwa aeleze utafiti unasema nini. Nikajiambia, huyu leo atanitambua. Akaanza na dawa zetu za nywele, kwamba zinamdhuru mtoto akizivuta kutwa. Nikanywea, maana hapo hakuna cha kubisha. Kisha akasema ubongo wa mtoto mdogo hujengwa na mtu anayemjibu. Akitoa sauti, ajibiwe.

"Daktari, sheria inapima madirisha na vyoo," mkubwa wa kikao akasema. "Kujibu mtoto tutapimaje?" Watu wakacheka.

Zamu yangu ikafika. Nilisimama, binti yangu mkononi, hotuba yote imeyeyuka.

"Mheshimiwa, sitaki akae kwenye dawa. Nataka chumba hapo hapo sokoni, niweze kuchungulia. Na walezi wasiwe wachache, kila mtoto apate wa kumjibu. Huyu wangu alikuwa anaongea, sasa..."

Binti yangu akakivuta kipaza sauti kwa mikono miwili, akakilamba.

"Ba."

Ukumbi mzima, kuanzia akina mama waliotoka mtaa wa Kinoo hadi askari wa mlangoni, ukaitikia: "Eeeh! Kumbe!"

Alishtuka. Nikaogopa nimempoteza tena. Kisha akacheka, akasema, "Ba-ba-ba!" Yule mkubwa akainamia kipaza sauti chake: "Endelea, madam, tunakusikiliza." Nikalia mbele za watu, na sikuona haya.

Chumba tulipewa. Ni kidogo, kinatazamana na saluni zetu, na walezi wake wanapiga domo kutushinda. Binti yangu sasa ana maneno mengi hadi wateja wanaomba apumzike. Jioni narudi vidole vimekufa ganzi, sina hata nguvu ya kuvua viatu, naye anaanza. Namjibu.