Miguu ya Bibi Harusi

Habari iliyoniondoa Njombe ililetwa na muuza mitumba. Alisema Makambako kuna mzee mwenye malori, Mzee Hamadi, mtu wa Tanga aliyehamia siku nyingi, anafungua studio ya picha za rangi ubavuni mwa duka lake la nguo, na anatafuta mpiga picha mwanamke. Wanaume wenye kamera walikuwa tele pale njiapanda, lakini kwenye harusi za Waislamu mwanamume haingii kwa akina mama, na huko ndiko kwenye picha. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sikuwa nimemwona mwanamke mwingine mwenye kamera. Nilijua kwamba nikiikosa nafasi hii nitarudi kwenye viazi vya mama, na sitatoka tena.

Kupiga picha nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada kilichotupwa na watu wa misheni. Kitabu kilisema uso ndio mtu, nami nikaamini kama Katekisimu. Picha nilizisafishia kwenye stoo ya viazi, na zikitoka na doa dogo nilizichana na kuanza upya, hata karatasi iwe ya mwisho.

Albamu niliyokusudia kumpelekea Mzee Hamadi ilikuwa na picha za binamu yangu Tumaini, anayejifunza ushonaji. Enzi zile mitumba ilikuwa imeanza kumiminika, nguo za mitindo ambayo hatukuwahi kuiona. Tumaini alizipunguza kiuno, akazivaa, nami nikampiga picha mbele ya ukuta wa mbao. Tatizo lilikuwa viatu. Alikuwa na malapa na mabuti ya shambani, na matope yetu mekundu hayatoki kwenye vidole hata usugue vipi. Niliona aibu, nikawa namkatia kiunoni. Baada ya muda ile aibu nikaiita mtindo wangu.

Usiku wa kuamkia safari mama aliifungua albamu, akageuza kurasa polepole.

"Neema, huyu Tumaini amesimama juu ya nini?"

"Mama, hizi ni picha za uso."

"Mimi ukinipiga nataka viatu vionekane. Nilivinunua."

Vilikuwa viatu vyeusi vya kanisani, vinakaa kwenye boksi chini ya kitanda. Nilimwahidi kumpiga nikirudi. Nilimwahidi kama mtu anayemtuliza mgonjwa.

Alfajiri ya Ijumaa nilipata lifti ya lori la mbao lililotoka Lupembe. Ukungu ulikuwa mzito, taa za mbele zinaishia palepale. Nilipakata albamu niliyoifunga kwa kitenge.

"Kamwene, dada. Mtoto ana miezi mingapi?" dereva akauliza.

"Ni albamu."

"Mbona umeifunika kama inapumua?"

Kulipopambazuka niliifungua, nikaona kijidoa kwenye shavu la Tumaini ambacho sikukiona nyumbani. Nikamwonyesha dereva. Tulipofika Mtwango nilimwambia dereva nataka kushuka nirudi nikaisafishe upya ile picha.

"Shuka," alisema. "Ila hilo doa nimelitafuta tangu uliponionyesha, sijalipata."

Sikushuka.

Makambako tulifika kabla ya mchana. Upepo wa kule unapiga vumbi na baridi kwa pamoja, na malori ya kwenda Zambia yalikuwa yamejipanga kando ya barabara. Studio ilikuwa ikinuka rangi mbichi. Ukutani kulikuwa na pazia lililochorwa ghorofa na gari jekundu. Mzee Hamadi alivaa miwani, akaitazama picha ya kwanza muda mrefu.

"Huyu binti anakutazama mpaka unataka kumwamkia. Nani alikufundisha?"

"Nilijifundisha mwenyewe, mzee."

Alimwita mkewe, Bi Zuhura. Naye alitazama, akatingisha kichwa kwa kuridhika, akanishika mkono kana kwamba nilikuwa wa kwao.

"Kesho binti yetu Mwajuma anaolewa," Mzee Hamadi alisema. "Wewe utakuwa kwa akina mama. Picha zikitupendeza, funguo za studio hii ni zako."

Kesho yake niliingia chumba ambacho sikuwahi kuingia mfano wake. Sisi Walutheri wa huku juu bibi harusi tunamwona kanisani na gauni lake jeupe, basi. Mwajuma alikaa chini kwenye mkeka, ameegemea mito, ameinamisha macho, na miguu ameinyoosha juu ya mto mdogo mwekundu. Pembeni yake alikaa Bi Saumu, mama wa makamo aliyempaka hina. Niliambiwa kazi hiyo aliifanya tangu asubuhi ya juzi, akirudia tena na tena ili rangi ikolee.

Nilifurahia mwanga wa dirishani. Nilifurahia kope za Mwajuma. Kila nilipoinua kamera, Bi Saumu aliivuta kanga ya bibi harusi juu kidogo, kuelekea magotini. Nilidhani ananiharibia mikunjo ya nguo. Nilisogea mbele. Akaivuta tena, nami nikasogea tena, mpaka kwenye kioo cha kamera ukabaki uso na mabega. Akina mama walipiga vigelegele, wakadhani kadiri ninavyosogea ndivyo ninavyopata zaidi. Mikanda miwili niliimaliza hivyo. Mioyoni mwetu sote tulikuwa na furaha, kila mtu na yake.

Jioni ile Mwajuma na mumewe walipanda treni kwenda kuanza maisha Dar es Salaam.

Mikanda alipewa kondakta wa basi aipeleke Mbeya kwenye mashine ya kusafishia picha za rangi, nami nikabaki kwa Bi Zuhura kusubiri. Alinilisha vizuri. Siku moja tukichambua mchele aliniambia kwa nini alizihitaji zile picha kuliko mtu mwingine yeyote.

"Mama yangu yuko Tanga, hawezi tena kusafiri. Mimi alinipaka hina mwenyewe. Mwajuma amepakwa na mgeni. Picha zikija nitazituma, aone mjukuu wake hakutoka kama yatima."

Nilisikia maneno yote na sikuelewa hata moja.

Jumatano nilichukua albamu nikaenda nayo sokoni kujitangaza, maana nilishajiona mwenye studio. Wauza mitumba walicheka kwa kuzitambua nguo zao. Kaka mmoja wa viatu aliichukua albamu, akaigeuza juu chini.

"Dada, mteja wangu yuko wapi hapa? Huyu hana miguu, yule hana miguu. Kwenu watu wanaishia tumboni?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao kwa adabu. Kisha kicheko kikanikauka. Niliuona ule mto mdogo mwekundu, na mkono wa Bi Saumu ukivuta kanga. Nilirudi kwa Bi Zuhura nikihesabu picha kichwani, nikitafuta hata moja ambayo nilisimama mbali. Tangu hapo chakula nilikiacha sahanini. Bi Zuhura alidhani ni maji ya Makambako.

Picha zilifika Ijumaa mchana. Akina mama waliitana, wakakaa ukumbini, bahasha ikafunguliwa. Zilikuwa nzuri. Nasema hivyo bila kujisifu, zilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Zikapita mkono kwa mkono.

"Zingine ziko wapi?" Bi Zuhura aliuliza.

"Ndizo zote, mama."

Bi Saumu alizipanga zake mapajani kama karata. "Kazi yangu mimi iko wapi? Siku mbili nimeinama mpaka kiuno hakinyooki. Nilikuwa nakufunulia mwenyewe, binti, hukuniona?"

"Nilikuona, shangazi."

"Basi ulidhani nafukuza nzi?"

Mmoja alicheka akajiziba mdomo. Bi Zuhura hakucheka wala hakukasirika. Alishika picha moja, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini, pale miguu ilipotakiwa kuanza.

"Hina ya harusi haipakwi mara mbili," alisema. "Na mwenyewe ameshakwenda."

Mzee Hamadi aliniita studio. Hakupandisha sauti. Alisema mimi ni fundi, ila akina mama hawa ndio wateja, na habari ilishazunguka mtaa mzima. Angenipa funguo, nani angeniita? Nilitaka kumweleza kuhusu kitabu. Nilitaka kumwambia kwamba mama yangu mzazi aliniambia jambo hilihili.

"Ila hizi za binamu yako niachie," aliongeza. "Nizitundike mlangoni. Watu wakiona sura kama hizi wataingia."

Nilikuwa nimekula chakula chao juma zima na kuwaharibia harusi. Nilimwachia albamu yote. Ubaya zaidi ni kwamba kuna sehemu ndani yangu iliyofurahi.

Jumamosi nilirudi kwa basi, mapajani sina kitu. Tumaini alinipokea barabarani. Nilimsimulia yote, akasikiliza huku akiitazama miguu yake iliyo ndani ya mabuti.

"Kwa hiyo mimi niko Makambako mlangoni, nimekwenda bila miguu," alisema. "Na wewe mwenye miguu ndiwe uliyerudi."

Kesho yake baada ya ibada mama alisimama mbele ya nyumba, viatu vimepakwa dawa, mikono ameinyoosha ubavuni. Nilirudi nyuma, nikarudi tena, mpaka mgongo ukagusa ua wa mianzi. Hapo ndipo viatu viliingia. Uso wake ulibaki mdogo kama punje ya hindi.

Nilichojifunza ni kurudi nyuma. Ni hatua chache tu, mtu yeyote angeweza kuniambia, na waliniambia. Nimejifunza nikiwa sina studio ya kukitumia nilichojifunza. Muuza mitumba anasema siku hizi studio ile inajaa watu, wanasimama mlangoni wakimtazama Tumaini, na wakiuliza nani kapiga wanajibiwa ni hapahapa. Akina mama wanapigwa picha na mpwa wa Bi Zuhura, msichana asiyejua mwanga ni nini. Anasimama mbali.

Picha ya mama iko sebuleni. Wageni wanavisifu viatu. Mimi naona sura isiyo wazi, na nimemwomba mara nyingi tuirudie. Anakataa, anasema humo yupo kamili. Halafu namfikiria yule bibi wa Tanga, ameletewa uso wa mjukuu wake, wazi mpaka kope, anaupeleka karibu na macho, kisha anaigeuza picha kutazama kama miguu iko nyuma.