Neno la Siri la Bosi

Juzi nilikuwa Kariakoo, kwenye duka la mashuka, nikibembeleza nipunguziwe bei. Dada wa kaunta akajaribu, kompyuta ikagoma: kupunguza ni ruhusa ya bosi peke yake. Hakuhangaika. Akaingia kwa jina la bosi, akaandika neno la siri la bosi, bei ikashuka.

"Kumbe mnalijua?" nikauliza.

"Wote. Tukimpigia simu kila mteja akiomba punguzo, si atachoka?"

Mara bosi mwenyewe akaingia, jasho linamtoka, na nyuma yake kijana aliyemtengenezea mfumo wa kompyuta.

"Nani kafuta mauzo ya jana?"

Wauzaji wakatazama sakafu. Kijana akainamia kompyuta, akajikuna kichwa. "Mzee, inaonyesha umefuta wewe."

"Mimi? Jana nilishinda msibani Magomeni! Mfumo wako unaniita mwizi?"

"Mfumo hauoni sura, mzee. Unaona neno la siri."

Jamani! Kiunoni mtu huyu kaning'iniza funguo zote za duka, na nasikia hata mkewe hazigusi. Lakini neno la siri kaligawa kama peremende.

Kijana akamsihi aweke jipya, alijue peke yake. Bosi akageuza kompyuta tusione, akaandika taratibu kwa kidole kimoja. Nikashusha pumzi. Kisha akawageukia wauzaji, akapaza sauti:

"Haya, msije mkaniua kwa simu! Kuanzia leo ni namba ya gari langu!"

Nikabeba mashuka yangu nikatoka. Gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa hapo hapo mlangoni.